Fundo Moja Badala ya Mawili

Ikonda, Makete
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mguu umeuinua kama mganga alivyokuagiza, na si kwamba uko ufukweni unabishana na wanunuzi wa dagaa. Goti linaendeleaje? Namshukuru Tunu anayekusomea, maana simu yenu huko Manda nimeipiga hadi nimechoka, haishiki. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Makete inaingia mpaka kwenye meno, ila nimejitanda kanga yako juu ya masweta mawili.

Usishtuke kusikia niko hospitali. Siumwi. Namuuguza Mzee Mgaya, yule mzee wa kanisa wa kule Mahongole, Makambako, anayenipangisha chumba, anayetafuna pilipili kama karanga. Amevunjika mkono, na wanawe wote wako mbali. Acha nikueleze ilivyokuwa, maana ni jambo nililolizungusha kichwani wiki nzima na bado linanishangaza.

Kazi yangu kwa Mama Zawadi unaijua, ya kukodisha maturubai na viti. Makambako ina upepo, Mama, upepo usio na adabu hata msibani. Kwa hiyo tuna utaratibu wetu: anayekodi turubai sharti atoe watu wazima wanne, kila pembe mmoja, wakae karibu na kamba. Tunawaita wazee wa kamba. Kazi yao ni kukaa na kuiangalia kamba tu, na malipo yao ni kupakuliwa chakula kabla ya watu wote, hata mchungaji. Mimi nafunga mafundo mawili kwenye kila kigingi, kama marehemu Baba alivyonifundisha. Hatujawahi kupoteza turubai hata moja.

Jumamosi ya wiki iliyopita kulikuwa na tamasha la makabila pale uwanjani. Ungelipenda! Makambako ni njia panda. Nadhani nusu ya watu wake ni walioteremka kwenye basi wakaishiwa nauli, wakaamua kujenga. Wabena walikuja na viazi na pombe yao ya ulanzi, Wanyakyusa na ndizi, Wachaga na mtori wao, Wakinga na nyimbo zisizoisha. Sisi wa ziwani tulipeleka ngoma yetu ya mganda, vijana wetu wamevaa nyeupe tupu, mpaka mama mmoja wa Kihehe akaniuliza kama wale ni askari au ni wauguzi.

Mwaka huu kamati ililikatia tamasha zima bima. Bwana mmoja mwenye tai alisimama kwenye kikao akasema, "Wazazi wangu, laleni usingizi. Kikiharibika kitu, sisi tunalipa." Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza papo hapo, "Sasa hao wazee wa kamba wa nini tena? Sahani zao tuwape wageni." Hakuna aliyepinga, na mimi nilikuwepo.

Basi siku yenyewe nikaanza kuona mambo. Mwaka jana kila mama aliandika jina chini ya sufuria yake kwa rangi ya kucha, akaikodolea macho kutwa. Mwaka huu sufuria zilizagaa kama hazina wenyewe. Kuna sahani zilizoletwa zikiwa na nyufa tayari, sijui zimekuja kumaliziwa! Yakaanguka manyunyu, na viti vya mbao vikaachwa vinyeshewe. Nikamwambia dada mmoja kwamba sinia lake linakanyagwa, akacheka: "Acha likanyagwe, mwaya, lina bima." Na si kwamba ni watu wabaya. Ni wale wale wa mwaka jana.

Nilicheka na mimi. Kisha nikatupa jicho kwenye vigingi vyangu. Fundo moja. Nikaenda cha pili, fundo moja. Mama, sikukaa chini nikaamua. Ni kweli nilikuwa na haraka ya kuwahi mganda, lakini haraka ninayo kila siku na mafundo huwa mawili. Mkono wangu ulijuaje kwamba kuna bima? Hilo ndilo swali linaloninyima raha. Nikasema moyoni, nitarudi kuyaongeza ngoma ikipoa, nikaenda kucheza.

Upepo ulikuja saa tisa mchana. Turubai kubwa likainuka pembe moja, kigingi kikachomoka, watu wakakimbia, na haki yao. Mtu mmoja tu aliikimbilia kamba, Mzee Mgaya. Hakuna aliyempangia. Alikuwa amekaa pale kwa mazoea, maana miaka yote pembe ile ndiyo yake. Akaishika, turubai likamnyanyua na kumbwaga kwenye mafiga. Nilipomfikia aliniuliza kama watoto wametoka chini ya turubai. Nikamwambia wametoka. "Basi lete hiyo kanga yako unifunge mkono," akasema, bila hata kuguna. Mimi ndiye niliyelia.

Halafu sikia ajabu nyingine. Bima inalipia maturubai, viti, na watu walioandikwa kwenye orodha ya kazi. Wazee wa kamba walikwisha kufutwa. Kwa hiyo yeye, kwa mujibu wa karatasi, alikuwa mpita njia.

Siku tuliyoondoka kuja huku, Mama Zawadi alinipa fomu ya madai. Aliyefunga turubai ndiye anayejaza. Kuna swali moja limeniganda: je, tahadhari zote za kawaida zilichukuliwa?

"Andika ndiyo," akaniambia. "Kwani upepo umeupuliza wewe?"

"Lakini Mama Zawadi, nilifunga fundo moja moja."

"Nani alihesabu? Yale maturubai yalikuwa viraka vitupu. Tukilipwa tunanunua mapya, na mkono wa mzee tunauchangia sote. Wewe mtoto usinitie umaskini."

Simlaumu. Ndiye aliyenipokea nikiwa na begi moja tu, na kwa chakula chake nimenenepa. Nikiandika hapana, hatalipwa, na sidhani kama nitakuwa na kazi tena. Na unajua kazi ile ndiyo inayomweka Tunu shuleni. Naogopa, Mama. Sitaki kukuficha.

Jana nilimwuliza Mzee Mgaya yeye angeandika nini. Alikuwa anahangaika na uji kwa mkono wa kushoto.

"Mimi sikufunga, mwanangu," akasema. "Mimi nilishika tu."

Akaendelea na uji wake. Daktari anasema mfupa unaunga vizuri na tutaruhusiwa kesho. Tutapumzika kwa binti wa dada yake pale mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, ndipo tuteremke Makambako.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie ule wimbo wake wa mganda bado unaimbwa ingawa maneno wanayakosea. Nisalimie Shangazi na zogo lake lote, na yule kaka yetu mwenye mtumbwi, mke wake akijifungua salama mnijulishe. Majirani wote wa upande wa kanisani, wape salamu yangu ya Kibena, kamwene, wacheke. Uitunze miguu hiyo, bado tunaihitaji.

Ni mimi mtoto wako wa katikati, mwenye maswali mengi,
Sesilia

Nimeifungua tena bahasha, Mama, ilikuwa imeshalambwa. Nimejaza fomu. Palipoulizwa habari ya tahadhari nimeandika: "Hapana. Nilifunga fundo moja, nikaliona, nikaenda kucheza." Nitampelekea Mama Zawadi mkononi, nisimame mbele yake akiisoma.

Tunu, mdogo wangu, usiishie hapa. Msomee Mama na hili: kazi ile ilikuwa ada yako, na niliandika nikijua.