Skramu ya Mwisho, Kwenye Tope la Kemambo

Kemambo, Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, na shingo yangu ilijua kabla ya mawingu.

Leo kocha wangu wa Nairobi alikuwa anasubiri simu. Swali lake lilikuwa moja: nasaini msimu mmoja zaidi wa raga, au basi? Mimi ni propu, yule mnene wa mstari wa mbele anayeingiza kichwa mabegani mwa wapinzani huku wenzake wazito wakimsukuma kwa nyuma. Hakuna anayempiga picha. Wa umri wangu wanacheza bao. Hata hivyo niliamka nimeshaamua: nasaini.

Kisha nikaenda machimboni kumsalimia kaka yangu Mwita.

Tangu rashi ya dhahabu, yaani watu kukimbilia machimbo mapya, ianze tena huku, kila mtu ana duara, shimo lake la kuchimba, na asiye nalo anadai ana hisa. Nikakuta lori la mawe limezama topeni mpaka ekseli. Vijana wamelizunguka, kila mmoja anasukuma kwa wakati wake na kumlaumu mwenzake.

"Mura!" Mwita akaniita, yaani kijana kwa Kikurya. "Si unalipwa kwa kusukuma? Njoo utusukumie bure."

"Huyo analipwa kwa kulalia watu," akadakia mwingine. "Kusukuma hajui."

Sasa hapo ningefanyaje? Nikawapanga kama skramu, ule msukumano wa raga wa watu waliobanana safu kwa safu, mabega chini, mgongo sawa. Inama, shika, sukuma. Walicheka mpaka tuliposukuma kweli. Lori likang'oka kama jino bovu, nami nikaanguka kifudifudi. Walishangilia hilo la pili zaidi kuliko la kwanza.

Mkono wa kushoto haukuinuka nami.

Nikabaki pale chini nikijidai nacheka. Daktari alishanionya: ganzi ikishuka kutoka shingoni, acha mchezo kabla mchezo haujakuacha kitandani. Mwita sikuwa nimemwambia, ila aliona. Akaninyanyua kwa mkanda wa suruali kama gunia, akaninong'oneza kwa Kikurya kwamba maduara yameshamchukulia rafiki wa kutosha, mimi nisimfanyie hivyo nikiwa juu ya ardhi.

Ganzi iliisha tukiwa tunakunywa chai. Hofu haikuisha.

Nimempigia kocha. Nimesema basi.

Baada ya hapo nilikaa barazani nikitafuta huzuni, nikakuta shukrani imeshajikalia. Raga ilinichukua nikiwa kibarua wa kubeba mawe, shingo nene, akili nyembamba. Binamu zangu wacheza raga, wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, upande wa Kenya, ndio walioniona na gunia begani wakasema huyu ni wetu. Mchezo ukanipandisha ndege, ukanipatia mke, ukamjengea mama nyumba ya bati. Masikio umeyakunja kama chapati iliyoungua. Hilo nimelisamehe.

Nimestaafu. Kuliandika ni rahisi kuliko kulisema.

Mama nimemweleza baada ya ugali. Alinishika shingo kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, ndani ya nyumba ile ile:

"Kwa hiyo sasa, baba, utatafuta kazi?"

Nimemwambia ndiyo, mama. Jumatatu.