Kuonjesha Si Kulisha

Jumapili, saa tisa alasiri. Baridi ya Julai imekaa hapa Ziwani tangu asubuhi na jua halijachungulia hata mara moja. Majirani wote wanalalamika, nguo hazikauki, watoto wana makamasi. Mimi peke yangu naishukuru hii baridi, kwa sababu nina mgonjwa anayeipenda.

Mgonjwa wangu yuko ndani ya friji. Rafu ya chini, ndani ya mkebe wa aiskrimu ambao, kama mikebe yote ya aiskrimu katika nchi hii, haukuwa na aiskrimu. Ulikuwa na maharagwe. Nimeyatoa, nikausugua mara nne bila sabuni, nikamweka Shosho.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: Shosho ni aksoloti. Ni mnyama wa majini, urefu kama wa kiganja na vidole vyake, rangi ya waridi, miguu minne, mkia wa samaki, na matamvua mekundu yaliyotokeza nje pande zote mbili za kichwa, ndiyo anayopumulia. Mwalimu mmoja wa sayansi wa shule ninakofanya kazi ya maabara aliniachia alipohama nchi, miaka mitatu iliyopita. Nilimwita Shosho, yaani bibi, kwa sababu anatembea kama nyanya mwenye magoti mabaya na anatabasamu hata ukimwudhi. Siku ile Wekesa, mume wangu, alicheka sana. Akasema tunaishi Ziwani kusiko na ziwa, angalau sasa mtaa umepata mkaaji halali. Nilimpenda mno siku hiyo. Naandika hivi kwa sababu nataka kuwa mkweli, hata leo.

Leo nina hasira mpaka nakosea herufi.

Mambo yalianza Jumatatu. Nilitoka kazini nikamkuta Shosho anaelea juu ya maji kwa upande mmoja, tumbo limevimba mpaka miguu inapapasa hewani. Aksoloti mzima hukaa chini kabisa, ametulia zake. Huyu alikuwa anajaribu kushuka na tumbo linamrudisha juu. Akijaribu tena, linamrudisha.

Sasa mjue, Shosho hula mara tatu kwa wiki, minyoo ya udongo ninayochimba nyuma ya jiko la shule. Hana meno ya kutafuna, humeza tu. Akimeza kitu kigumu kinakwama. Kila anayeingia kwangu anaijua sheria, maana nimeiandika kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye kioo cha tangi lake: TAFADHALI USIMLISHE.

Jumamosi iliyotangulia sikuwa nyumbani, nilikuwa Kitengela kwa shangazi. Wekesa alikuwa amewaalika wenzake watatu wa karakana ya reli kutazama mpira. Kwa hivyo nilimwuliza moja kwa moja, kuna mtu alimlisha Shosho?

"Hakuna mtu amemlisha," akasema. Hakusita. Aliniangalia machoni.

Nikamwamini. Kwani ningefanya nini?

Jumanne niliomba ruhusa kazini, nikambeba Shosho ndani ya ndoo yenye kifuniko hadi kwa daktari wa mifugo. Ni mama mmoja mpole, na alikuwa muungwana wa kutosha kukiri kwamba mbwa, paka, ng'ombe na hata kobe amewashika, lakini wa aina hii anamwona leo. "Lakini tumbo ni tumbo," akasema. "Amekula nini?" Nikamwambia minyoo tu. Akauliza tena: hakuna mfupa? Hakuna changarawe? Hakuna nyama? Nikaapa. Jamani, niliapa kwa jina la mama yangu aliye hai.

Akaniambia angekuwa amemeza kitu, dawa yake ni baridi tu, na kumnyima chakula mpaka akitoe mwenyewe. Lakini kwa vile hajameza kitu, huenda ni maji yamejaa mwilini kwa sababu ya maambukizi. Tumjaribu na chumvi. Dakika kumi ndani ya maji ya chumvi, asubuhi na jioni.

Basi nikamwogesha chumvi.

Nataka mwelewe hii kitu vizuri. Aksoloti hana magamba wala manyoya, ngozi yake ni laini kuliko kope lako. Chumvi inamchoma. Alijikunja, alipiga mkia, alijaribu kupanda ukuta wa beseni kwa vile vidole vyake vidogo, nami namrudisha majini nikimwambia pole, pole, ni dawa. Jumanne jioni mpaka Ijumaa asubuhi. Mara sita. Matamvua yakaanza kusinyaa kwenye ncha, yakapoteza wekundu wake. Tumbo halikupungua hata kidogo.

Na nani alikuwa anashika saa? Wekesa. Yeye ndiye alinihesabia zile dakika, simu mkononi, amesimama mlangoni mwa jikoni. "Bado nne." "Bado mbili." Alhamisi nilishindwa kujizuia nikalia, akanipangusa machozi kwa mkono wake mwenyewe. Akaniambia pole Naliaka, Mungu atasaidia.

Ijumaa jioni nilimtoa ili nimbadilishie maji. Shosho akafungua mdomo, akatikisika mara tatu, akatapika.

Kipande cha nyama. Kikubwa kama kifundo cha kidole gumba changu, kimeshikamana na mshipa mweupe ambao hata mimi mwenye meno nisingeutafuna. Kilikuwa kimeoza na kinanuka, lakini upande mmoja ulikuwa bado mweusi wa makaa. Nyama choma. Aki nilisimama pale na kile kitu ndani ya kijiko.

Nikaenda sebuleni nikakiweka mezani, kando ya sahani ya Wekesa. Alikuwa anakula.

Hapo ndipo nilifundishwa Kiswahili upya.

"Hatukumlisha," akasema. "Tulimwonjesha tu."

Anayeijua Burma, lile soko la nyama choma, ananielewa. Ukienda pale kuagiza nyama, kabla haijaiva sawasawa mchomaji hukukatia kipande, anakichovya kwenye chumvi, anakupa uonje. Hicho hakiingii kwenye hesabu ya kilo. Unaweza kuonja vipande vitano na bado ukasema kwa moyo safi kwamba hujala kitu tangu asubuhi. Kuonja si kula. Na ukila mbele ya mtu bila kumwonjesha, wewe ni mchoyo, utasemwa mpaka watoto wako wasemwe. Sasa wale wanaume walileta nyama kutoka Burma, wakaikatia kwenye meza yangu, wakaona si adabu kula mbele ya Shosho mikono mitupu. Walikuwa wanne, pamoja na mwenye nyumba. Kila mmoja akamwonjesha kipande chake. Jumatatu, nilipomwuliza Wekesa kama kuna aliyemlisha, alitafuta kichwani mwake akapata jibu lililonyooka kabisa.

Vipande vinne. Kilichotoka ni kimoja.

Sikujua mtu anaweza kukudanganya bila kusema uongo hata mmoja.

Nilimwuliza kwa nini alinyamaza nilipokuwa namwogesha chumvi. Alisema aliogopa nitakasirika. Hebu fikiria, bana. Alimwacha mnyama achomwe mara sita, akihesabu dakika, ili mimi nisikasirike. Nilimpigia daktari simu na kumweleza ukweli. Akaniambia niache chumvi mara moja, nimweke kwenye friji na maji safi kila siku, maji ya mfereji niliyoyaacha wazi mpaka dawa ya kuyasafishia iishe, na nisimpe chakula. Hakunilaumu. Kiapo changu hakukitaja hata kwa mbali, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Hata hivyo, nakiri kwamba Ijumaa hiyo hiyo usiku nilikuwa nimeshaanza kumsamehe Wekesa. Nilisema moyoni, wanaume wana ujinga wao na mimi nina wangu. Mambo yangeishia hapo.

Lakini jana Halima alikuja. Halima ni jirani yangu wa mlango wa pili, anauza vitambaa soko la Muthurwa, na ni mtu ambaye hawezi kumtembelea mgonjwa mikono mitupu. Alimletea Shosho barafu. Nikamweleza habari ya nyama, naye akanitazama kwa mshangao. "Kwani wewe hukuona stetasi ya Wekesa kwa WhatsApp?"

Sikuiona. Mimi huziona stetasi zake zote, hata zile za mistari ya Biblia na za kuuza pikipiki za watu. Hii sikuiona kwa sababu alinificha. Mnajua inavyofanywa: unaingia kwenye simu, unatafuta jina la mtu ambaye hutaki aone, unamwondoa. Ploti nzima, majirani wote, waliona. Aliondolewa mtu mmoja tu.

Halima alikuwa ameihifadhi ile video kwa sababu mdomo wa Shosho ulimchekesha. Hakuwa na nia mbaya, na nilipomwomba anionyeshe alidhani nami nitacheka. Niliitazama nikiwa nimesimama.

Unaanza kwa kuona ile karatasi yangu kwenye kioo, imepakwa mafuta ya vidole. Sauti moja inapaza, "Baba Shosho! Mtoto hajaonja!" Wote wanaangua kicheko. Halafu unauona mkono wa Wekesa, ile saa naijua, niliinunua mimi, unaangusha nyama majini. Halafu sauti yake. Hakuwa amelewa, natamani angekuwa amelewa.

"Mwacheni ale, wasee. Miaka saba, huyu ndiye mtoto Naliaka amenizalia."

Na akacheka. Yeye ndiye alicheka kwanza.

Kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake. Mama fulani, Baba fulani. Miaka saba mimi na Wekesa tunaitwa kwa majina yetu ya shule. Kila mara mtu anapositasita kabla ya kuniita, asijue aniite nani, Wekesa hunishika mkono chini ya meza. Hajawahi kusahau. Mama yake aliponiuliza mbele ya wageni kwa nini nafuga mdudu badala ya kulea mtu, ni Wekesa aliyemjibu, na alimjibu vikali. Hospitali zote tulienda pamoja. Nilidhani tuko wawili ndani ya hili jambo. Kumbe niko peke yangu, na mwenzangu anatoka nje siku za mpira kuwachekesha watu nalo.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinalala upande wa ukutani na kinakoroma.

Jana sikumwonyesha Wekesa ile video. Nilipika, nikapakua, nikalala. Leo asubuhi Shosho alitapika kipande cha pili, kidogo kuliko cha kwanza, na tumbo limelegea kiasi. Vimebaki viwili. Daktari anasema ana matumaini, lakini matamvua yaliyoungua yatachukua miezi kurudi, kama yatarudi. Nilimwonyesha Wekesa kile kipande. Akafurahi kweli, akapiga makofi, akasema unaona, Mungu ni nani. Hapo nikatoa simu, nikamchezea ile video, maana Halima alinitumia.

Aliitazama mpaka mwisho. Akaketi kwenye kigoda cha jikoni, kikaonekana kidogo kuliko siku zote. Akasema nimsamehe, ulikuwa mzaha tu, wanaume wakikaa pamoja mdomo hauna breki, mimi namjua, moyo wake naujua. Alisema mengi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya "bado nne, bado mbili."

Nikamwambia sawa. Kama ni mzaha, urudie. Hapa hapa, mbele yangu. Wenzako hawapo, nyama hakuna, mpira hakuna. Sema tu yale maneno, na mimi nicheke.

Sikumwambia kwa ukali. Kusema kweli, nilitaka aweze. Nilikuwa tayari kucheka. Nilikuwa nimesimama pale, mgongo kwenye mlango wa friji, nikimwombea huyu mtu aseme lile neno baya kwa sauti ya kipuuzi ili tuone lilivyo la kijinga, life.

Alifungua mdomo. Akanitazama. Macho yakajaa machozi, mdomo akaufunga.

Mzaha mtu huurudia, hata mara kumi. Yeye alishindwa kuurudia hata mara moja.

Sasa ameketi nje kwenye ngazi, kwenye hii baridi, bila sweta. Namwona kupitia dirishani. Sijamfungia mlango, anaweza kuingia akitaka. Haingii. Anajua kwamba nimemjua, na mimi najua kwamba miaka saba mkono mmoja ulikuwa unanishika chini ya meza huku moyo ukihesabu miaka.

Kesho kutakucha, na mmoja wetu itabidi amwamkie mwenzake. Sitakuwa mimi.