Sentensi Niliyoimeza Mbele ya Majaji

Jumamosi, jioni. Geita.

Upepo umebeba vumbi la barabara ya mgodini tangu asubuhi, na mvua iliyokuwa inatishia upande wa ziwani imeghairi. Nguo nilizoanika zimerudi ndani zikiwa na rangi nyingine. Nimekaa kibarazani na chai iliyokwisha kupoa, na moyoni nina raha ambayo siiamini.

Leo nimemlipizia kisasi Mwalimu Budeba.

Sentensi hiyo nimeitamani tangu nikiwa kidato cha tatu. Nilidhani nikiiandika nitacheka. Sijacheka, lakini sijalia pia.

Kwa mliofika hapa kwa bahati tu: ninafanya kazi katika maabara ya utafiti wa madini na maji. Siku nyingi ninashinda na sampuli za mawe, mizani na joto la tanuri. Mara moja kwa mwaka, shule zikifungwa, tunawafungulia milango wanafunzi wa sekondari kutoka Geita na Shinyanga. Wanakaa nasi wiki nzima, wamevaa makoti meupe yanayowazidi mikono, wanajifunza kupima na kukausha na kuandika wanachokiona. Siku ya mwisho wanashindana. Kila mmoja anasimama mbele ya majaji watatu na kueleza mradi wake. Mshindi anasomeshwa hadi kidato cha sita. Mwalimu wake naye, majaji wakiridhika kwamba kweli alimlea katika kazi hiyo, anapelekwa mafunzoni kwenye maabara kubwa Dar es Salaam. Walimu wanaililia safari hiyo.

Mimi ni mmoja wa hao majaji watatu.

Jumatatu, wanafunzi walipokuwa wanashuka kwenye basi, nilisikia mtu akisafisha koo nyuma yangu. Mara mbili fupi, halafu moja ndefu. Mgongo wangu ulimtambua kabla sijageuka. Nywele zimekuwa nyeupe, tumbo limetangulia mbele, lakini ni yeye. Siku hizi ni mkuu wa shule huko Nkome, na alikuwa amemleta mwanafunzi wake mwenyewe.

Sikumpa shikamoo. Mzee wa umri wa baba yangu, mwalimu aliyenifundisha, nami nikamwambia tu, "Habari za safari." Akajibu kwa adabu, "Njema, mtaalamu," akainamisha kichwa kidogo. Nilihisi utamu mbaya mdomoni.

Hakunitambua.

Nieleze alichonifanyia. Nilisoma sekondari karibu na Maganzo. Baba alikuwa anachimba almasi kwa jembe na chekeche, na sisi nyumbani tulichota maji kwenye mashimo yaliyoachwa, maji ya rangi ya uji wa ulezi. Muhula mzima nilijaribu mbegu za mlonge: kuzisaga, kuzikoroga kwenye maji, kungoja tope lishuke, kuchuja kwa mchanga, kuanza upya. Mwalimu Budeba, aliyekuwa mwalimu wetu wa kemia, alisema mradi wangu utakwenda kwenye mashindano ya wanafunzi katika maabara moja ya utafiti huko Mwanza. Mama aliazima pasi kwa jirani akaninyooshea sare. Akanikaangia karanga za njiani.

Asubuhi ya safari nilikuwa nimesimama kando ya gari. Elizabeti, binti wa mwenyekiti wa bodi ya shule, tayari alikuwa amekaa kiti cha mbele na bango langu magotini. Mwalimu alifunga mlango, ndipo akaniona.

"Wewe utabaki, Minza," alisema. "Watafiti wakikuuliza utawajibu nini, na wewe mpaka leo unasema maabala?"

Nyumbani kwetu tulizungumza Kisukuma, na herufi R ilikuwa inanitoka mdomoni kama L, nifanye nifanyavyo. Darasa zima lilikuwa pale kuaga gari. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nami nilitabasamu, kwa sababu sikujua uso wangu niuweke wapi.

Elizabeti alirudi na ushindi, na likizo ile akaenda kujifunza kwenye maabara ile ya Mwanza. Sina ugomvi naye, alikuwa mtoto kama mimi. Mimi niliitwa Maabala mpaka nilipomaliza shule. Hata wadogo zangu waliliimba jina hilo wakipita.

Kwa hiyo Jumatatu nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa Dakta Shayo, mwenyekiti wetu, nimwambie kwamba namfahamu mwalimu mmoja na nina kinyongo naye, anitoe kwenye ujaji. Nilijua hivyo. Sikwenda. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu mzima na nitatenda haki. Ukweli ni kwamba nilikitaka kile kiti.

Mwanafunzi wake anaitwa Nyamizi. Mwembamba, mtulivu, mwenye macho yanayokaa juu ya kitu mpaka akielewe. Mama yake anaanika dagaa mwaloni Nkome, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kwa kawaida dagaa wanatandazwa chini, mvua ikija ghafla wanaoza, upepo ukivuma wanabeba mchanga. Nyamizi alitengeneza kichanja cha wavu, chini yake kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi kivute joto, na juu nailoni ya kuzuia mvua. Alikuwa anapima uzito wa dagaa kabla na baada, kutwa nzima, kwa kutumia mizani ya shule. Hapa kwetu alizirudia hesabu zake kwa tanuri letu, akafurahi zilipokaribiana, akaudhika pale zilipotofautiana. Kuudhika kule ndiko kulikonifanya nimpende. Hakutafuta kisingizio, alirudia upya.

Na anasema maabala.

Mara ya kwanza kumsikia ilikuwa Jumatano, mbele ya tanuri, mkuu wake akiwa amesimama pembeni. Nilimtazama Budeba haraka, nikingoja acheke. Nilikuwa tayari. Hakucheka. Alimsogelea akasema kwa sauti ya chini, "Maabara," naye Nyamizi akarudia, wakaendelea na kazi.

Upole ule uliniudhi kuliko kama angecheka. Ulikuwa wapi enzi zangu?

Leo asubuhi walimu walitolewa ukumbini kama kanuni inavyotaka, wanafunzi wakaingia mmoja mmoja. Nyamizi alipofika mbele alikauka. Kiswahili alichonacho, kile cha darasani, kilimkimbia. Alisema maneno machache akameza mate, akaanza tena, akanyamaza. Nikamwona msichana mwingine, kando ya gari. Nikamwomba Dakta Shayo aruhusiwe kueleza kwa Kisukuma, nami nitafsiri. Dakta ni mtu wa Moshi na jaji wa tatu, Bi. Zuhura, ni wa Tanga. Walikubali wote wawili.

"Mwangaluka," nikamsalimia kwa lugha yetu, akaniitikia, na pumzi ikamrudi. Baada ya hapo ilikuwa kama kufungua koki. Alieleza kichanja, akaeleza pembe aliyolilazia bati na kwa nini, akataja mahali alipokosea kupima na jinsi alivyojua amekosea. Nilitafsiri kila neno, kwa furaha. Bi. Zuhura alikuwa ameacha kuandika, anasikiliza tu.

Kisha Bi. Zuhura akauliza swali la kawaida, lile tunalomuuliza kila mwanafunzi: mwalimu wako alikusaidia nini?

Nyamizi alijibu kwa Kisukuma, kirefu. Alisema mkuu wake alimkabidhi ufunguo wa maabara ya shule, ambao hapewi mwanafunzi yeyote. Kwamba Jumamosi alikuwa anakuja mwenyewe, anakaa nje kwenye benchi na gazeti mpaka yeye amalize, ili watu wasimseme binti kukaa peke yake shuleni. Kwamba lile bati alilibandua kwenye banda lake la kuku, mkewe akagomba. Kwamba hakugusa mradi hata siku moja, alikuwa anauliza maswali tu.

Wenzangu wawili walinigeukia wakisubiri.

Nikasema, "Anasema kazi ameifanya mwenyewe. Mama yake alikuwa anampa dagaa wa kujaribia. Mkuu wa shule alimruhusu."

Hapo hakuna neno la uongo. Nimelichunguza jibu langu jioni nzima, neno kwa neno, kama sampuli. Kila kilichomo ni kweli.

Bi. Zuhura akaandika, akashukuru, tukaendelea na mwanafunzi mwingine.

Nyamizi ameshinda, na hapo hapakuwa na ubishi. Ilipofika zamu ya mwalimu mlezi, Bi. Zuhura alisema haoni mkuu wa Nkome amefanya nini zaidi ya kutoa ruhusa. Dakta akaniangalia. Niliinua mabega. Nafasi ikaenda kwa madam mmoja kutoka Kolandoto, aliyefanya kazi nzuri na wanafunzi wake, na hilo lilinipa kitu cha kujisafishia.

Majina yalipotangazwa nilikaa mahali ninapouona uso wa Budeba vizuri. Jina la Nyamizi lilipotajwa alisimama akapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Alibaki amesimama, akingoja linalofuata, akinyoosha koti. Likatajwa jina la madam wa Kolandoto. Mikono yake ilisita, kisha ikaendelea kupiga makofi, taratibu, akakaa.

Nilikunywa kusita kule kama maji ya mtungini.

Lakini haikunitosha. Nilitaka ajue ni mkono wa nani. Wakati wa chai nilimfuata, nikasimama mbele yake na kikombe changu.

"Mwalimu, mimi ni Minza," nikasema. "Yule wa Maganzo, wa mbegu za mlonge."

Alinitazama kwa muda, akitafuta. Niliona kabisa kwamba anatafuta kwa nia njema na hapati kitu. Akasema nimsamehe, Maganzo alifundisha wengi. Nikamkumbusha gari, bango, sare yangu. Nikamkumbusha Elizabeti. Hapo uso ukamfunguka, akaniuliza kama najua siku hizi Elizabeti yuko wapi. Nikamtajia lile neno, na kicheko cha darasa zima.

"Inawezekana nilisema," akajibu. "Siku zile tulikuwa tunasema mengi, mwanangu. Pole sana."

Pole yenyewe ilikuwa ya mtu aliyesikia habari za msiba wa kijiji cha pili. Akanywa chai yake. Akanishukuru kwa kumtafsiria Nyamizi.

Miaka yote hii nimemhifadhi huyu mtu kama mwiba. Nimesoma nikimwonyesha yeye. Usiku wa kuamkia mitihani nilikuwa naisikia sauti yake, nafungua kitabu tena. Na yeye hakunibakiza hata jina. Hasira niliyoipata pale, na kikombe mkononi, ilikuwa kubwa kuliko ile ya kando ya gari. Nikasema kimoyomoyo: vizuri. Vizuri sana umekosa. Ningekuwa na uwezo ningekunyima na nauli ya kurudi.

Basi lilipokuwa linapakia, Nyamizi alinijia na begi lake na cheti chake ndani ya bahasha. Alipiga goti kidogo kuniaga. Nikampongeza. Hakuondoka.

"Madam, ile ya ufunguo na bati hukuwaambia," akasema.

Kwa Kiswahili. Kilichonyooka, kila neno mahali pake.

Kumbe ndivyo. Kuongea mbele ya watu ndiko kulikomshinda, kusikia anasikia kila kitu. Nami nilipaswa kujua, maana nilikuwa hivyo hivyo. Alisimama pale mbele akanisikia nikiipunguza habari yake, akanyamaza, kwa sababu mimi ni jaji na yeye ni mwanafunzi.

"Nilisahau," nikamwambia.

"Haya, Madam."

Alipanda, akaketi kando ya mkuu wake, akampa bahasha amshikie ili apakate begi. Budeba aliishika kwa mikono miwili. Basi likaondoka na vumbi lake.

Tangu saa hiyo nimejaribu kurudi kwenye raha yangu. Nimejipikia ugali na sato, nimepiga deki nyumba nzima. Nimejiambia amekosa safari tu, kitu kidogo, mimi nilikosa zaidi. Kila nikifika hapo namwona binti amesimama mbele yangu na begi lake.

Simwonei huruma Budeba. Niandike hilo wazi, asije mtu akanipongeza hapa chini kwa moyo mwema. Kama alibadilika, alibadilikia kwa mwingine. Kwangu hajafanya lolote, na pole yake sijaipokea.

Lakini yale maneno hayakuwa yangu wala yake. Yalikuwa ya Nyamizi. Aliyapanga vizuri, akanipa niyabebe hatua chache tu mpaka kwa watu wawili, nami nikayatupa njiani.

Kesho Dakta Shayo akitoka kanisani nitakuwa getini kwake. Nitamwambia habari ya ufunguo, benchi, gazeti na banda la kuku, neno kwa neno kama nilivyoisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Madam wa Kolandoto asinyang'anywe kitu, nitaomba waende wote wawili. Kiti changu cha ujaji najua sitakiona tena, na sitakipigania.

Halafu nitamweleza na ya Maganzo, yote, na kumtaja Budeba kwa jina. Apate safari yake, maana kwa huyu binti aliitolea jasho. Ila aende wakijua alichonifanya mimi, nami nibaki hapa wakijua nilichomfanya yeye.