Baba Yako Alivyosimama Ukumbini

Nebraska, Machi 2007

Wade mpenzi,

Huku sote wazima, na ng'ombe wameanza kuzaa. Lakini ngoja nikupe habari! Jana mbunge wetu alikuja shuleni kutueleza kwa nini wanajeshi zaidi wapelekwe huko Irak. Mimi nilikwenda kudai tarehe ya kuwarudisha ninyi nyumbani. Baba yako, unamjua, alikaa mbali ili asionekane na mimi.

Mbunge akasema, "Tukitangaza tarehe, adui atatusubiri tu."

Baba yako akasimama. Nikajua leo nimekwisha.

"Kura yangu nilikupa wewe," akamwambia. "Na huyu mkwe wangu nimemwita mwoga mezani kwangu. Lakini mwanangu mmemwongezea muda huko vitani mara mbili. Nitajie tarehe, bwana!"

Wade, ukumbi ulilipuka! Nilipanda juu ya kiti, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Tarehe hatukupewa. Tulipotoka nje akaniambia, "Usidhani nimehamia upande wenu, we binti." Kisha akanishika mkono, akalia.

Hatakwambia mwenyewe, lakini tangu rafiki yako Denny aletwe kutoka huko tukamzika, hapati usingizi. Barua ijayo mwandikie yeye. Mimi nitavumilia.

Mkeo anayekutaka nyumbani,
Shawna