Jicho la Ndama

Alhamisi, Gitega. Mvua tangu asubuhi, na mi nina hasira ambayo sijui nimkabidhi nani.

Jana tumetoka Muyinga kumrudisha binti yetu kwa daktari wa macho aliyemfanyia upasuaji mwezi uliopita. Ana mwaka na miezi minne. Alizaliwa na doa jekundu upande wa kulia wa uso, toka kwenye paji hadi kope, na jicho la upande huo likawa linakua kuliko la pili. Kule kwetu Buhinyuza mtu akikuambia una amaso y'inyana, macho ya ndama, amekusifu vya kutosha. Basi nikasema Mungu ametufidia lile doa. Jina nikampa mimi mwenyewe: Kanyana, ndama mdogo.

Mke wangu, Goreti, aliniambia mtoto analikimbia jua, anaficha uso kwenye kitenge, na jicho linatoa machozi. Nikacheka. "Ana haya kama bibi harusi, muache."

Mimi! Nilianza kwa kubeba mizigo mpakani Kobero, leo nina duka, na hesabu ya forodha ikikosewa naiona kabla karani hajainua kalamu. Jicho moja limezidi lingine, hiyo sikuiona kuwa hesabu.

Daktari alitueleza kwamba doa na jicho ni ugonjwa mmoja, wa nadra, mtoto anazaliwa nao. Maji ya ndani ya jicho hayapati pa kutokea, presha inapanda, na jicho la mtoto bado laini, linatanuka. Alimpasua ili kuyafungulia njia. Presha ilikuwa thelathini na nne. Leo ni kumi na sita. Namba hiyo niliipenda. Nikauliza kama na kuona kutarudi.

"Papa Kanyana, kilichokufa hakirudi. Tunalinda kilichobaki."

Mchana, kwa dada yangu tulikofikia huku mtaa wa Musinzira, jirani akambeba mtoto. "Yoo! Amaso y'inyana!"

Nikasema asante. Nikatabasamu kabisa.

Goreti akamchukua mtoto wake. "Ni ugonjwa, mama," akamwambia yule jirani, halafu akanitazama. "Na huyu anajua."

Afadhali angenitukana.

Jioni tukaanza zoezi tulilopewa na daktari: kuziba jicho lenye afya kwa muda, ili lile bovu lijifunze kazi. Nikasimama mlangoni, kimya makusudi, nijue kama ataniona. Akazungusha kichwa. Akaelekea kwenye kiti, akakiacha, akaja akiyumba mpaka akashika suruali yangu.

Sijui kama aliniona, au alinisikia nikivuta kamasi.

Kesho nitasimama mbali zaidi kidogo, nikiwa nimeshamaliza kulia.