Baba Sebit na Mlango Alioupima kwa Kimo Chake

Baba, mwaka umeshatimia tangu ulipotutoka, na kwenye ule ubishi wa mlango bado hujakubali kushindwa.

Wewe, Sebit Dawudi, fundi wa reli, ulijenga jiko nyuma ya nyumba yetu ya Nsambya kwa mikono yako. Mlango ukaupima kwa kimo chako. Na kimo chako, utusamehe, tunakijua. Mama, aliyekupita kichwa kizima, alipogonga paji la uso siku ya kwanza, ulimwambia, "Mlango uko sawa. Wewe ndiye umezidi."

Ukaweka sheria: aliyegonga kichwa anapewa chai kabla ya wengine. Wageni wako walikunywa sana.

Kazi ya reli ilipokwisha na nyumba ikarudi kwa wenyewe, shirika la reli, ukapanda baiskeli na kikapu cha samaki wa Ggaba. Wateja wakisema samaki ni wadogo, ulijibu, "Hata mimi ni mdogo, na mke nimepata."

Mwanao Tamim ndiye aliyebaki na uchungu. Tangu tuhame hakukanyaga tena pale. "Hakuna chetu pale," alisema. Juzi, baada ya dua yako ya mwaka, Mama alimshika mkono. "Twende. Kama ni kukasirika, utakasirika wakati wa kurudi."

Anayekaa pale sasa, Filda, alitukaribisha vizuri. Mlango wako ameubomoa akauinua, hata twiga anapita. Tukaingia jikoni mmoja mmoja, na kila mmoja akainama. Filda akacheka: "Banange! Munainama nini? Mlango mrefu huo!"

Tamim aliingia wa mwisho. Akainama kuliko sisi sote, akabaki hivyo hivyo, mabega yanatikisika.

Mama akamwambia Filda, "Mwanangu, huyu mpe chai ya kwanza. Amegonga."

"Sijagonga, Mama."

"Umegonga. Kunywa."

Akanywa. Kisha akaanza kumwonyesha Filda mlango wako ulipoishia, mkono kaushusha mpaka kifuani. Alikuwa anakuonea, Baba. Ulifika begani.

Tunaokukumbuka ni mkeo Maimunah, watoto wako Jalia, Tamim na Nabila, pamoja na wajukuu, ambao wote wameshakupita kwa urefu.

Daima, Baba, kwenye kila mlango, tutainama na kukukumbuka.