Bashi Lililopinduliwa

Alhamisi, 5 Februari 1998

Asubuhi nimeshona kiti cha baiskeli. Baada ya hapo, hakuna. Kazi yangu ni mabashi, yale maturubai ya malori, na malori yamelala tangu ambago, vikwazo vya nchi jirani, itunyime mafuta. Cherehani kubwa inakula vumbi hapa Jabe, mtaani kwetu Bujumbura, na mimi nakaa pembeni yake kama wajane wawili, ingawa mume ninaye. Leo kanuna kwa sababu chai haina sukari. Sukari sijaificha mimi.

Mchana amepita muuza mawese aliyetoka Rumonge kwa msafara wa mwisho wa magari. Kaleta salamu za binti yangu Zuhura. Atajifungua mwanzoni mwa mwezi wa tatu, uzazi wa kwanza. Mama mkwe wake ni marehemu. Nani atamkanda? Kwetu mzazi wa kwanza anakandwa na mama yake, maji ya moto asubuhi na jioni, mpaka arobaini iishe. Zuhura ameuliza kama nitakuja. Nimesema nakuja, tena mbele ya watu. Muuza mawese akaniangalia. Barabara ya Rumonge ina watu wa kuvizia huko milimani, na misafara ya magari imesimamishwa. Njia siijui. Nimesema tu.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda kuuliza wavuvi. Wenye mashua za injini hawana mafuta. Wenye mitumbwi wamenicheka. Mwanamke akikanyaga mtumbwi, samaki wanakimbia. Basi na wakimbie! Tena hata wenyewe hawaendi mbali. Askari wametoa amri pwani nzima: chombo kitakachokutwa ufukweni baada ya alasiri kinatobolewa. Mtumbwi wa gogo utaubeba wapi ukalale nao nyumbani? Kwa hiyo wanavua mbele ya kambi na kurudi.

Nimefika nyumbani na hasira zangu. Uani kuku wanakunywa maji kwenye kipande cha bashi nilichokifunga pembe nne ili kikauke. Ni mvua ya juzi. Nimepapasa chini ya bashi, pakavu kabisa. Nimesimama hapo mpaka wali ukaungua.

Bashi linalozuia maji yasitoke, litazuia yasiingie. Na bashi halina uzito wa gogo.

Jumatatu, 9 Februari

Byamungu, seremala wa kibanda cha jirani, ni mkimbizi wa Uvira. Kakulia ziwani. Nimemchorea mchangani matao ya lori, yale yanayobeba bashi, lakini nimeyapindua miguu juu. Mbele yamebanwa, nyuma yamebanwa. Nafasi ya watu wawili.

Katazama weee. Kisha: "Mama Zuhura, we unataka kufa ao unataka bwato?"

Nikamwambia nataka bwato, chombo cha majini.

"Basi tutaifanya na migano. Mbao iko nzito sana."

Migano kwake ni mianzi. Kasema pia atakwenda nami, kasia la nyuma ni lake. Baba Zuhura nimempa habari jioni. Kanuna tena. Hasira za mume wangu ni kama maharage, zinataka muda.

Jumapili, 15 Februari

Mifupa imekamilika! Byamungu katoka kanisani moja kwa moja, hata shati la ibada hakubadili. Mbavu za mianzi iliyopasuliwa, kila fundo limekazwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu. Hakuna msumari hata mmoja. Ukiibonyeza inapinda, ukiiachia inarudi.

Nimeiinua peke yangu nikaiweka kichwani, nikatembea nayo mpaka barabara kubwa na kurudi. Jabe nzima imetoka kutazama. Muuza ndizi akauliza kama ni jeneza. Nimemwambia alale ndani tumpime. Siku nzuri, sijacheka hivi tangu Idi.

Jumatano, 18 Februari

Nimeshona kutwa. Mabashi matatu makuukuu, kijani, bluu na moja ambalo rangi yake hata Mungu kaisahau. Mishono miwiliwili, uzi umepakwa nta. Mkono unajua njia, sihitaji kuutazama. Miaka yote nimevika malori ya watu. Leo navika cha kwangu. Nimejisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejitolea.

Ijumaa, 20 Februari

Baada ya sala ya Ijumaa tumekibeba chombo mpaka ziwani. Umati nyuma yetu kama harusi. Nilivimba kichwa, sikatai. Nimeingia mbele, Byamungu nyuma. Tumepiga makasia, chombo kikateleza vizuri kabisa.

Halafu makalio yakaanza kupoa.

Kila mshono ulikuwa unaingiza maji. Kila mmoja! Tumezama mbele ya Jabe nzima, taratibu, tukiwa tumekaa wima na makasia mkononi. Wavuvi walicheka mpaka wakashikiliana mabega. Muuza ndizi naye alikuwepo, kafuata nini ziwani?

Aibu. Aibu mpaka kwenye kucha.

Jumamosi, 21 Februari

Sijatoka. Nawachukia watu wote.

Jumapili, 22 Februari

Nimelielewa kosa. Nimelielewa nikiwa nafua, nikaacha nguo kwenye beseni.

Bashi la lori linashonwa kwa kulaza kipande cha juu juu ya kile cha chini. Mdomo wa mshono unatazama chini, mvua inateremka, haipati pa kuingilia. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyoshona. Nikasahau kwamba safari hii bashi limepinduliwa! Midomo yote sasa inatazama juu, iko wazi kama mifuko ya koti, na ziwa linajaza tu. Mshona magauni asingekosea hivi. Kosa hili linamtaka fundi wa mabashi, tena mzoefu.

Nimefumua yote. Vidole vinatoka damu na ninaimba.

Baba Zuhura karudi kutoka gereji, kanikuta nimezungukwa na nyuzi. Kaweka karibu na cherehani gundi yake ya viraka vya matairi, kopo zima. Kaenda zake.

Jumatano, 25 Februari

Kimeelea! Mishono nimeigeuza, na juu ya kila mshono nimebandika ukanda wa mpira kwa gundi ya Baba Zuhura. Tumekwenda ziwani bila kuaga mtu, lakini Jabe haina siri, walitangulia wao. Nimekaa ndani nikingoja ule ubaridi. Haukuja. Tumezunguka mpaka kwenye viboko, tukawaona masikio, tukarudi haraka kuliko tulivyokwenda. Chini pakavu. Byamungu kasimama katikati ya chombo akacheza kidogo, mtu mzima na mvi zake.

Wavuvi wakasogea. Mmoja kaja akabonyeza bashi kwa kidole gumba, akabonyeza tena. Nilimwachia abonyeze anavyotaka.

Ijumaa, 27 Februari

Nimetembea mpaka ofisi za Kigobe kuomba lesepase, karatasi ya kusafiria. Yangu nimepewa. Ya Byamungu imekataliwa: mkimbizi haruhusiwi kutoka mjini. Nimebishana, nimebembeleza, nimepaza sauti. Karani kafunga dirisha.

Nimelia njiani, hadharani. Siwezi kukiendesha peke yangu mpaka Rumonge, mikono yangu naijua. Zuhura amebakiza siku za kuhesabu.

Byamungu ndiye kanifariji. "Usilie, Mama. Mi siendi, lakini mifupa yangu iko inaenda."

Jioni tukila, Baba Zuhura kasema bila kuinua macho: "Nyuma nitakaa mi."

Mume wangu hajui kuogelea. Hata kwenye mvua anatembea kwa mashaka. Nimemwambia. Akasema: "Zuhura ni wako peke yako?" Akaomba mchuzi.

Jumatatu, 2 Machi. Magara

Tumeondoka alfajiri kwa ruhusa ya askari wa ufukweni; karatasi yangu wameihesabu kwa mke na mume. Byamungu katusukuma, kaomba kwa Kikristo, Baba Zuhura kasoma Ayatul Kursiyyu, mimi nimeitikia amina kote kuwili. Baba Zuhura kajifunga kiunoni mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Alikuwa kama chupa yenye kizibo. Sikucheka. Nilicheka nilipompa mgongo.

Mwanzo tumegombana. Yeye kushoto, mimi kushoto, chombo kinazunguka. Fundi magari anataka kuniambia mimi namna ya kwenda! Mwisho nikaanza kuvuta uradi kwa sauti, naye akaufuata kwa kasia. Baada ya hapo tulikwenda. Wallahi tulikwenda. Milima upande wa kushoto, ziwa limelala, chombo chepesi mpaka unaogopa kitapaa. Barabara tunaiona kwa mbali, tupu, hakuna hata mbuzi.

Hapa Magara mke wa mvuvi mmoja katupokea. Amri ya alasiri haikutusumbua. Tumekiingiza chombo ndani kwa mlango, kimekaa juu ya kitanda chake. Mikono imevimba. Furaha yangu siwezi kuieleza.

Jumanne, 3 Machi. Kijiji cha wavuvi, jina sikuuliza

Nimeogopa leo. Mchana wingu jeusi limekuja kutoka Kongo, mawimbi yakasimama. Maji yameingia kwa juu, si kwa mshono. Tumekimbilia ufuko mtupu, tukakipindua chombo, tukajificha chini yake. Hata tone halikupita. Miaka yote nashonea wengine kivuli, leo mteja ni mimi.

Ndipo bunduki zikaanza kulia mlimani. Si mbali. Baba Zuhura kanishika mkono, kitu ambacho hakifanyi mchana. Tulikaa hivyo, magoti kifuani, tukisikia mvua juu na risasi mlimani. Nilifikiri: tukifa hapa, Zuhura ataambiwa mama yake alikutwa chini ya bashi. Nilikasirika sana kufikiri hivyo. Hasira ikanisaidia.

Zilipotulia tumerudi majini. Mashua ya doria ikatufikia, askari wamenyoosha silaha. Nimeinua karatasi. Mkubwa wao akaisoma. Kisha akatazama chombo.

"Mama, iyi bwato mulinunua wapi?"

"Sikununua. Nimeshona."

"Ulishona?"

"Na cherehani."

Wamecheka wote, lakini cheko la heshima. Mmoja kaingiza mkono chini ya ncha ya mbele akainyanyua kidogo, akamwambia mwenzake kwa Kirundi kwamba ni nyepesi kama unyoya. Wakatupa kipande cha mkate, wakatuambia tusikae karibu na ufuko. Baba Zuhura akawaambia, bila kuulizwa: "Uyu ni bibi yangu." Kifua mbele, na mpira wake kiunoni.

Jumatano, 4 Machi. Rumonge

Tumefika!

Tumefika mchana kweupe. Watu walituona tungali mbali, na habari ilikimbia sokoni kabla yetu. Walijaa ufukweni, wauza dagaa, wauza mawese, askari, wanawake na watoto migongoni. Mbele ya wote, miguu imo majini mpaka magotini, tumbo limefika mbele kuliko yeye: Zuhura. Hajajifungua. Alhamdulillahi, hajajifungua!

Nilitaka kushuka kwa adabu. Nilianguka, nikasimama, nikamkumbatia nikiwa nimelowa chapachapa. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba Zuhura akakiinua chombo, akakiweka kichwani, akapita nacho katikati ya umati kama mwenye ng'ombe wengi. Kila aliyeuliza kaambiwa: kimeshonwa na mama huyu, mifupa ni ya seremala wa Uvira. Wazee wawili wa mitumbwi wametufuata mpaka nyumbani kwa mkwe kuulizia mishono. Nimewaonyesha mdomo unavyopaswa kutazama. Nimewaambia pia tulivyozama, kwa sababu bila hilo hawangeelewa. Hawakucheka.

Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Jumamosi, 7 Machi

Msichana. Amezaliwa baada ya adhuhuri, mzima, mwenye kelele. Zuhura alinishika mkono mpaka mifupa ikalia. Mkunga kaniambia nitoke nje nipumzike. Sikuja kutoka Bujumbura nipumzike.

Baba Zuhura kamwadhinia mtoto sikioni, sauti ikamkatika katikati. Akaanza upya.

Jumanne, 10 Machi

Mvua asubuhi, kisha jua. Mtoto kanyonya, kalala. Mume wa Zuhura kaenda shambani kwenye michikichi na Baba Zuhura.

Nimechemsha maji na majani, nimemlaza Zuhura mkekani, nimemkanda mgongo. Mikono yangu bado migumu kwa kasia, akaniambia nipunguze nguvu. Nikapunguza. Pumzi zikatulia, nikadhani kasinzia.

Halafu akasema, uso ukiwa mkekani: "Mama, mi nilishajizoeza kwamba hautakuja."

Akalia. Sikumnyamazisha. Nimechovya kitambaa tena kwenye maji ya moto, nikaanza upande wa pili.